Kufuli si Mlinzi, ni Shahidi



Likizo kubwa inakaribia, na ndani ya vikundi vyetu mazungumzo ni ya safari tu. Mmoja anapeleka watoto kwa nkambo wao Kinshasa, mwingine anaenda kwenye ndoa, mwingine anafuata bidhaa. Swali moja linarudi kila mara: ile valizi yenye kuingia ndani ya tumbo la ndege, tuifunge na kufuli ao tuiache na zipu tu? Kuko wenye kusema kwamba kufuli inamwita mwizi, sababu inamwonyesha kwamba ndani kuko kitu cha maana. Kuko wenye kujibu kwamba valizi bila kufuli ni nyumba bila mlango. Sisi wamama walimu tumefunga mizigo mingi kati ya Lubumbashi na Kinshasa, na tunaona kwamba pande zote mbili zinaiomba kufuli kazi isiyo yake.

Tuseme ukweli kwanza. Zipu ya kawaida inafunguka na ncha ya biki. Mtu anaichoma katikati, meno yanaachana, anaingiza mkono, anatoa anachotaka. Kisha anavuta vile vichwa viwili vya zipu, pamoja na kufuli yake, vinapita juu ya ile sehemu, na meno yanashikana tena. Kufuli haikuguswa, na mwenye valizi haoni kitu mpaka afike nyumbani.

Basi kufuli haina faida? Iko nayo, lakini tuijue. Sisi walimu tunajua bahasha ya maswali ya mtihani wa Serikali. Ni karatasi tu, mtoto mdogo anaweza kuipasua. Nguvu yake ni kwamba ikishapasuliwa, kila mtu anaona. Ndiyo sababu inaonyeshwa mbele ya wanafunzi kabla ya kufunguliwa. Kufuli ya valizi inafanya kazi hiyohiyo. Si mlinzi, ni shahidi: inatuambia mapema kwamba mkono mwingine ulipita.

Kwa hiyo tufunge, lakini namna ambayo inaacha alama. Tusifunge vile vichwa viwili vya zipu kimoja na kingine tu. Tuvifunge pamoja kwenye mshikio wa valizi ao kwenye pete iliyoshonwa. Hapo haviwezi kutembea tena, na zipu iliyochomwa inabaki wazi. Si lazima kununua kufuli ya bei. Kamba ya plastiki yenye meno, ile ambayo mafundi wa umeme wanatumia, inatosha. Mtu hawezi kuifungua bila kuikata. Tuchague yenye rangi isiyo ya kawaida, na tuweke makasi ndogo kwenye mfuko wa nje wa valizi, sababu makasi haikubaliwi sikuzote mikononi ndani ya ndege. Wenye kusafiri na gunia ao mfuko mkubwa, ule ushoni wa wamama zetu wa zamani na sindano kubwa ungali mzuri: uzi wa rangi yako, mafundo ya mkono wako. Mwizi anaweza kuukata, lakini kuushona tena sawa na wewe ni kazi.

Wakati wa kufunga pia ni jambo. Pale Luano ao N'djili, mara nyingi mzigo unapekuliwa mbele yako kabla ya kupokelewa. Ukifika na kufuli imefungwa na ufunguo uko ndani ya valizi, utateseka mbele ya watu. Ufunguo ubaki mkononi. Tufunge kwa mwisho, nyuma ya kupekuliwa.

Wenye kwenda kutembelea watoto Marekani wajue kwamba kule wakaguzi wa uwanja wanaweza kufungua valizi bila mwenyewe kuwapo, na kuvunja kufuli kama inawazuia. Kuko kufuli ambazo wao wana ufunguo wake, ziko na alama ndogo nyekundu ya almasi. Zinaokoa kufuli isivunjwe. Lakini picha za funguo hizo zilionekana ndani ya gazeti, na mwaka wa 2015 watu walianza kuzitengeneza wenyewe. Hata hiyo basi ni shahidi tu.

Kama kufuli hailindi, kitu gani kinalinda? Ni kile ambacho hatukuweka ndani. Diploma za watoto, pasipoti, dawa za kila siku, dola za likelemba, dhahabu ya ndoa: hivyo vyote visafiri mikononi ao mwilini. Betri ya kuchajia telefone pia, na hapo si sababu ya mwizi. Ni kanuni ya usalama: ikiwaka moto chini, hakuna mtu wa kuizima.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo linatuuma zaidi, sababu linagusa urafiki wetu: komisioni. Mama akisema anasafiri, jirani analeta kifuko: «Mama, nibebee hii, mtu atakupokea pale.» Kifuko kimefungwa na skochi mara kumi. Kukataa kunaonekana ni kiburi. Lakini kufuli ikishafungwa, valizi yote iko na jina moja: lako. Mbele ya mkaguzi, kusema «hiyo si yangu, walinipa» hakusaidii.

Hata jina peke yake linaweza kumfunga mtu. Mwezi wa tatu 2023, wanawake wawili wa Brazili walikamatwa Frankfurt, Ujerumani, juu ya valizi zenye kokaini kilo karibu 40. Valizi hazikuwa zao. Wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa São Paulo walitoa vikaratasi vya jina kwenye mizigo yao, wakavibandika kwenye mizigo ya dawa za kulevya. Wanawake hao walikaa gerezani siku 38, mpaka picha za kamera za uwanja zilipoonyesha ukweli. Kufuli yoyote isingewaokoa, sababu hakuna aliyefungua valizi zao. Ushahidi ndio uliwatoa.

Kwa hiyo tujitengenezee ushahidi wetu. Tupige picha ya vitu kabla ya kufunika, picha ya valizi iliyofungwa, na picha yake juu ya mizani na kikaratasi chake. Tuandike jina na namba ya telefone ndani pia, si nje tu. Kile kikuponi tunachopewa tusikitupe kabla ya kufika nyumbani.

Na tukifika, tuangalie pale pale. Mmoja wa wamama wetu alirudi kutoka Kinshasa, akaona kamba yake ya manjano haiko. Hakusogea. Aliita mfanyakazi, wakafungua pamoja, vikwembe viwili vya waksi vilikosa. Waliandika karatasi, na nyuma ya wiki nyingi kampuni ikalipa sehemu. Mwenzake wa ndege ileile aligundua kesho yake nyumbani kwamba viatu vya mtoto vimekosa. Aliporudi, waliuliza tu: «Nani anajua kama havikupotelea kwenu?» Hakupata kitu. Kwa safari za kati ya nchi na nchi, Mapatano ya Montréal ya 1999 yanatoa siku 7, tangu kupokea mzigo, za kulalamika kwa maandishi kama umeharibiwa. Lakini kwa safari ya ndani ao ya nje, neno lenye nguvu ni lile ulilosema kabla ya kutoka mlangoni.

Tunaomba vikundi vyetu vikubaliane juu ya jambo moja kabla ya likizo: mwenye kutuma komisioni ailete ikiwa wazi, na mwenye kusafiri aifunge mwenyewe kisha kuona kila kitu. Ikiwa ni sheria ya kikundi, hakuna atakayeitwa mwenye kiburi, na hakuna mama atakayelala mbali na watoto wake juu ya kifuko ambacho hakukijua. Jirani mwema hatakasirika kufungua unga wake mbele yako. Mwenye kukataa kuufungua amekupa jibu tayari.