Kimya cha Figo

Mwanadamu ana mafigo mawili, kila moja kadiri ya ngumi yake, na ndani ya kila figo mna vichujio vipatavyo 1,000,000. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari Muhimbili, katika Ilala, na majuma haya ya kujiandaa kwa mtihani hesabu hizo hulala na kuamka nami. Mafigo huchuja lita zipatazo 180 kwa siku, lakini mkojo utokao ni lita moja na nusu hivi. Mchuuzi wa Kariakoo apepetapo mchele huondoa takataka. Figo hutoa karibu vyote kwanza, maji, sukari na chumvi, kisha hurudisha kile chenye kufaa.

Kwa mtihani, hayo yatosha. Kwa mjomba wangu, fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo, hayatoshi. Alipoambiwa ana shinikizo la damu alimeza dawa mwezi mmoja, akajiona mzima, akaacha. Aliniuliza, "Mpwa wangu, mtu asiyeumwa hunywa dawa ya nini?"

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Figo ni mtumishi asiyenung'unika. Vichujio vingine vikifa, vilivyo hai hubeba mzigo wa wenzao. Hata nusu ya kazi ikipotea, kreatinini katika damu yaweza kuwa haijapanda bado. Shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa myembamba kwa miaka mingi bila maumivu. Miguu ikivimba na pumzi ikipungua, saa ya kukinga mara nyingi imekwisha pita. Husalia mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa juma, au figo la ndugu, kama lile lililopandikizwa Muhimbili kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Zote mbili ni neema, na zote mbili ni ghali.

Nikamjibu kwa swali: "Mjomba, uzi ukikazwa kupita kiasi, nguo huharibika siku ile ile?"

"La," alisema. "Hutoka nzuri, ikamfumukia mvaaji."

"Ndivyo ilivyo mishipa ya figo."

Alinyamaza, mguu wake umetulia juu ya cherehani. Kisha akauliza kipimo cha mkojo huchukua muda gani, maana protini huweza kuonekana humo mapema, kabla mwili haujalalamika. Kwa hakika, kujiona mzima ni dhana. Kupimwa ni ushahidi.