Asilimia 2.3

Kiswahili kina neno zuri ambalo karibu hatulitumii: kinywe. Utalikuta kwenye hotuba za Wizara ya Madini na taarifa za habari, likitajwa pamoja na Mahenge, Ruangwa na betri za magari ya umeme. Ukitoka hapo watu wanasema "grafaiti" na kuendelea na safari. Shuleni tuliandikia kalamu ya risasi, na ndani yake hamkuwa na risasi hata chembe. Kilikuwa kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Wazungu wa zamani walidhani jiwe lile jeusi ni aina ya risasi, nasi tukalirithi kosa lao pamoja na kalamu.

Arusha tulikijua kabla ya kukipa jina. Ninakaa Engutoto, na tangu niko mdogo nimewaona wanaapolo wakirudi mjini kutoka Mirerani wakiwa wameoga, wamevaa vizuri, lakini kwenye mikunjo ya shingo na pembeni mwa kucha kuna kitu kinang'aa. Wakiwa hawajaoga ndiyo kabisa. Mtu anatoka shimoni akiwa mweusi wa kumetameta, kama amepakwa rangi ya fedha iliyoungua. Tanzanaiti tunayoipigia kelele tangu 1967 inakaa ndani ya mwamba uliojaa kinywe. Ili uipate ile ya buluu, unapita kwenye nyeusi.

Na si majirani tu hao, ni ndugu. Zamani sana pale palikuwa na tope la chini ya bahari, limejaa mabaki ya viumbe vidogo. Ardhi ikalikunja, ikalikandamiza na kulipika kwa mamilioni ya miaka. Kaboni ya vile viumbe ikawa kinywe. Tope hilohilo lilikuwa limebeba vanadiamu, na vanadiamu ndiyo inayoipa tanzanaiti buluu yake. Tope moja, watoto wawili. Mmoja akaenda kukaa kwenye vidole vya matajiri New York, mwingine akabaki kwenye kifusi.

Kaka yangu alikuwa apolo kwa miaka kumi na moja. Sitasimulia sana. Alitoka na vitu viwili: kikohozi, na kipande cha kinywe ukubwa wa kiberiti ambacho mama amekiweka kabatini karibu na vikombe vya wageni. Ni kizito kidogo, kinateleza kama kimepakwa mafuta, na kila anayekishika anaondoka na alama.

Nilipoanza kusoma habari za grafini kwa ajili ya makala ya kazini (makala yenyewe haikutoka, mhariri alisema haina Mtanzania ndani), nilikwenda kwa mama na selotepu. Unabandika selotepu juu ya kinywe, unabandua. Imekuja na ganda jeusi. Unaikunja juu ya ganda hilo, unabandua tena, sasa una maganda mawili, kila moja jembamba zaidi. Ukirudia mara nane, tisa, weusi unaanza kukata tamaa. Inua selotepu dirishani: pale palipokuwa peusi pana kijivu, na kupitia kijivu niliuona mpapai wa jirani.

Kwa mchezo huohuo Andre Geim na Konstantin Novoselov, wa Chuo Kikuu cha Manchester, walifika mwaka 2004 kwenye tabaka moja tu, unene wa atomu moja ya kaboni. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kinywe ni kama kitabu, kurasa zake ndizo grafini, zimelala moja juu ya nyingine zikiachana kwa nanomita 0.335. Kwa hiyo unene wa karatasi ya daftari, ukiwa kinywe, unabeba kurasa kama laki tatu.

Lakini kilichonikamata ni mwanga. Mwaka 2008 watu wa Manchester walipima tabaka moja linakula mwanga kiasi gani, wakapata asilimia 2.3. Ni ndogo, jicho haliioni kwa urahisi. Halafu fikiria vizuri: kitu chenye unene wa atomu moja, yaani hakiwezi kuwa chembamba zaidi ya hapo, kinakamata miali miwili na ushee katika kila mia. Hiyo ni ulafi. Tena linakula rangi zote sawa, nyekundu kama zambarau, bila kuchagua. Na namba hiyo haitokani na tabia ya kaboni. Ni pai mara namba nyingine ambayo wanafizikia wanaiheshimu sana, karibu 1 kwa 137, inayopima nguvu ambayo mwanga na elektroni hushikana nayo popote ulimwenguni. Namba ya ulimwengu mzima, na ilikuwa imekaa kabatini kwa mama.

Ongeza tabaka la pili, linakata fungu lake. La tatu vilevile. Kama kila moja lingeendelea hivyohivyo, ukifika tabaka thelathini nusu ya mwanga imeliwa, na bado unene huo ni wa nanomita kumi tu. Weusi wa Mirerani umejengwa kwa kurasa ambazo kila moja ni angavu kuliko kioo kichafu cha daladala. Na ule mng'ao kwenye shingo za wanaapolo ni elektroni za kinywe zinazorandaranda kwenye kurasa na kuurudisha nje sehemu ya mwanga, kama zinavyofanya kwenye bati.

Tanzanaiti yenyewe ina mambo mengine kabisa. Inachagua. Igeuze huku, buluu. Huku, zambarau. Huku, hudhurungi, mpaka watu waipige moto hiyo hudhurungi ipotee, ndipo iende sokoni. Jiwe zima maisha yake ni kuonekana vizuri kutoka upande fulani. Napenda kinywe zaidi, na mabroka wa mjini wanisamehe.

Kaka alinisikiliza haya yote akiwa kwenye kochi, bahasha kubwa ya hospitali pembeni yake. Alikuwa ametoka kupiga picha ya kifua. Akaniuliza swali ambalo mhariri hakuuliza.

"Sasa hiyo moja, kama haionekani, waliionaje?"

Nikamwambia waliiweka juu ya kisahani cha silikoni chenye ngozi ya oksidi, unene kama nanomita 300. Ngozi hiyo inaucheza mwanga kama petroli inavyoucheza juu ya dimbwi, na grafini ikikaa hapo inaibadili rangi kidogo. Kidogo hicho kinatosha kwa hadubini ya kawaida. Ukibadilisha unene wa ngozi, grafini inaweza kupotea, nayo iko palepale.

"Kwa hiyo shida ni chini umeweka nini."

"Ndiyo, kaka."

Akatoa picha, akaiinua dirishani, palepale nilipoinua selotepu yangu. Miale ya eksirei ikipita bila kuzuiwa, filamu inakuwa nyeusi. Mapafu yenye hewa yanatoka meusi. Yake yalikuwa na madoa meupe, kama unga uliomwagika. Daktari alikuwa amemweleza: ni vumbi la jiwe lenyewe, silika, linaloruka unapotoboa mwamba. Kinywe nacho si chakula cha mapafu, lakini kilichomkata zaidi ni kile alichokuwa hakioni.

"Miaka yote hiyo nilikuwa najisugua ule weusi," alisema. "Sabuni ya mche nzima, wiki moja. Na wa kuogopwa alikuwa mweupe."

Sikuwa na la kumjibu. Mama aliita kutoka jikoni kuuliza kliniki ni lini tena. Kaka akatafuta kalamu, hakuna. Akafungua kabati, akatoa kile kipande, na kwa pembe yake akaandika nyuma ya bahasha: Jumanne, saa 2 asubuhi. Kinaandika vizuri, kwa kweli. Kinaacha mstari mnene wa kijivu, na ukiulaza kidogo kwenye mwanga unang'aa.