Bunduki ya Babu na Fungu la Dada Yangu

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia vitu viwili: shamba la minazi 120 nje kidogo ya mji wa Pangani, na bunduki ya gumegume iliyokuwa ikining'inia ukutani tangu tukiwa wadogo. Nyumba alikwisha kuiuza kwa ajili ya matibabu yake. Warithi tulikuwa wawili tu, mimi na dada yangu mdogo, ambaye ni mjane mwenye watoto watatu.

Bunduki hiyo ilikuwa fahari ya ukoo. Tulisimuliwa tangu utoto kwamba babu mzaa baba yetu aliipokea kutoka kwa baba yake, na kwamba huyo mzee aliibeba katika vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, vita vilivyoanza mwaka 1888 na kumalizika kwa Abushiri kunyongwa papa hapa Pangani, Desemba 1889. Juu ya bamba la mtambo wake kulikuwa na picha ya taji na neno TOWER. Baba akitueleza kuwa hiyo ni mali ya mfalme wa Uingereza iliyoingia mikononi mwa wapiganaji wetu. Sisi tuliamini, na kila mgeni aliyeketi barazani kwetu aliamini pia.

Baada ya arobaini, wazee walitushauri jambo la hekima: silaha ni silaha hata ikiwa ya babu wa babu, basi ipelekwe polisi. Huko askari mwenye ujuzi alitumbukiza mdeki ndani ya kasiba mpaka ukagota, akautia alama mdomoni, kisha akaulinganisha na urefu wa kasiba kwa nje. Vipimo viliafikiana. Alitueleza kuwa bunduki nyingi za namna hii hutundikwa zikiwa na baruti na risasi ndani kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua, na mdeki ukigota kabla ya kufika mwisho, mtu asiiguse tena. Nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukiichezea, nikamshukuru Mola. Bunduki ikabaki ghalani mwao kusubiri taratibu za kibali.

Hapo ndipo alipojitokeza mnunuzi. Aliona picha katika simu ya mpwa wangu, akasikia kisa cha Abushiri, akaahidi shilingi milioni 12 kibali kikipatikana. Shamba nalo lilikuwa limethaminiwa kwa milioni 24. Sheikh wetu akafanya hesabu ya faraidhi: mali yote milioni 36, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Dada yangu akasema, "Kaka, wewe chukua shamba, mimi nichukue bunduki. Fedha zake zitanijengea vyumba viwili vya kupangisha." Tukapeana mikono, tukasoma Fatiha. Hapakuwa na mgawanyo mwepesi kuliko ule.

Miezi miwili baadaye alikuja mkoani kwetu mzee mmoja mstaafu, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kutunza vitu vya kale katika makumbusho. Dada alinituma nimwombe maelezo ya maandishi yatakayosaidia kibali. Tulikwenda kituoni, askari akaileta mezani. Mzee hakuitazama picha ya taji wala neno TOWER. Kwanza aliuliza kama kuna mtu aliyeipiga msasa. Nilipojibu kuwa hapana, akasema vyema, kwani anayeondoa weusi wa miaka katika chuma na mbao huondoa pamoja nao ushahidi na sehemu kubwa ya thamani. Kisha akatoa kioo cha kukuzia na kurunzi, akachunguza ubavu wa kasiba, pale inapokutana na mtambo.

"Njoo uone, mwanangu," aliniambia.

Niliona alama ndogo kuliko ukucha: umbo la yai, ndani yake herufi E, L na G, chini yake nyota, na juu ya yai kijitaji. Akanifahamisha kuwa hiyo ni alama ya majaribio ya mji wa Liège, Ubelgiji. Kila kasiba ilijaribiwa kwa kujazwa baruti nyingi kupita kiasi cha kawaida, na ile isiyopasuka ndiyo iliyopigwa muhuri. Neno TOWER lilikuwa alama ya silaha za serikali ya Uingereza, lakini mafundi wa Liège waliinakili katika bunduki za biashara kwa kuwa wanunuzi waliipenda.

"Na hiki kijitaji juu ya yai," alisema, "kiliongezwa mwaka 1893."

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa chuo. Abushiri alikuwa kaburini kwa miaka minne.

Nilimuuliza inakuwaje watu waendelee kutengeneza gumegume wakati huo, ilhali majeshi ya Ulaya yalikwisha kuziacha zamani. Akanijibu kwamba Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, baina ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, ila gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba ziliachiwa mlango. Kwa hiyo viwanda vya Liège na Birmingham viliendelea kuzifua kwa ajili yetu. Sura ya kizee ya bunduki si ushahidi wa umri wake. "Hii ni bunduki ya kweli," alimalizia, "isipokuwa kisa chake si chake. Na zilitengenezwa nyingi mno."

Nilitoka pale nikiwa na siri peke yangu. Nafsi ilianza kunong'ona: nyamaza, mnunuzi ameridhika, dada atapata milioni zake, shamba litabaki lako lote, nani atadhurika? Usiku ule sikulala. Nilikumbuka namna Mtume (SAW) alivyotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Unyevu huu nilikuwa nimeugusa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikinyamaza, nimemghushi mnunuzi. Na siku atakapogundua na kudai fedha zake, atakayedaiwa ni mjane na mayatima wake, huku mimi nikiangua nazi.

Asubuhi nilimweleza dada yangu mbele ya shangazi. Shangazi alilia. "Leo mnamfanya ndugu yangu mwongo kaburini?" Nilimjibu kwa upole, "La, shangazi. Baba alisema alichoambiwa. Huenda babu yetu alibeba bunduki nyingine, ikapotea, na kisa kikahamia kwa hii iliyobaki." Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi mpeni mtoto haki yake."

Mnunuzi alipoelezwa ukweli alishuka mpaka laki sita. Tukarudi kwa Sheikh. Mali yote sasa ilikuwa milioni 24 na laki sita. Fungu la dada milioni 8 na laki mbili. Ukiondoa thamani ya bunduki, nilidaiwa milioni 7 na laki sita, nami nikazilipa kwa minazi 38 pamoja na ardhi yake, upande ulio karibu na kisima. Sitasema kwamba haikuniuma. Iliniuma, hasa msimu wa kwanza wa kuangua. Dada naye hakuiuza bunduki. Ameomba ipokewe na makumbusho, kwa sharti kwamba maandishi yake yasimtaje Abushiri.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tuna kitu cha namna hii ukutani au sandukuni: jambia, kitara, sahani ya kale. Kabla hamjakiingiza katika hesabu ya mirathi, mpelekeeni mjuzi asiye na nia ya kukinunua. Msikisafishe, msikikadirie kwa simulizi, na msigawane mpaka thamani ijulikane. Kheri tungefanya hivyo mapema. Tungeepuka machozi ya shangazi, nami ningeepuka usiku ule mmoja ambao nusura nile haki ya mayatima.