Gurudumu la Mkia

Ndege ndogo ni za namna mbili. Namna ya kwanza ina magurudumu mawili mbele, na gurudumu dogo chini ya mkia. Ikisimama, pua yake inatazama juu, na mkia umekaa chini kama mbwa aliyeketi. Namna ya pili ina gurudumu moja chini ya pua, na mawili nyuma yake. Hiyo inasimama sawa kama meza.

Katika Marekani, tangu mwaka 1938 mpaka 1947, kiwanda cha Piper kilitengeneza ndege ya manjano yenye gurudumu la mkia, jina lake Cub. Watu wengi sana walijifunza kuruka ndani yake. Mwaka 1956 kiwanda cha Cessna kilianza kuuza ndege ya gurudumu la pua, namba yake 172. Zimekwisha kutengenezwa zaidi ya 44,000.

Kwa nini watu waliipenda hivyo? Fungeni kamba kwenye kigari, mkivute: kinawafuata sawasawa. Sasa kisukumeni kwa kijiti toka nyuma: kikipinda kidogo, kinazidi kupinda, mara kimegeuka. Ndivyo zilivyo ndege hizi zikikimbia chini. Katika ndege ya gurudumu la pua, uzito uko mbele ya magurudumu makubwa, unayavuta. Katika ndege ya mkia, uzito uko nyuma yake, unayasukuma. Ikipinda kidogo, mkia unataka kutangulia. Ndege inazunguka, na pengine bawa linagonga chini na kuvunjika.

Kwa hiyo mwanafunzi wa ndege ya mkia hupata taabu zaidi. Pua inamzuia kuona mbele. Miguu yake haina raha: kushoto, kulia, kushoto, inakanyaga vikanyagio vya usukani. Amekwisha kutua, anadhani kazi imekwisha. Sivyo! Mtu anaweza kuruka vizuri saa nzima, kisha akaharibu ndege katika dakika ya mwisho, kwa sababu ameacha miguu yake ilale.

Je, ndege ya gurudumu la pua ni mbaya? Hapana. Imewaepusha wengi na hasara. Lakini inasamehe makosa madogo, na mwanafunzi anaweza kuyazoea bila kujua. Ndege ya mkia humwonyesha kosa lake palepale. Aliyejifunza ndani yake haachi usukani mpaka magurudumu yote yamesimama.

Maulizo
1. Gurudumu dogo la Cub liko wapi?
2. Kwa nini ndege ya mkia inageuka upesi ikikimbia chini?
3. Ni kazi gani mnayoiacha kabla haijakwisha?