London, Mji Utunzao Karatasi

Tangu nirudi kutoka Uingereza, jamaa na marafiki wameniuliza neno moja: "London ni mji wa namna gani?" Kila aulizaye hutazamia kusikia habari za majumba makubwa na walinzi wa mfalme wenye kofia ndefu za manyoya. Hayo nayo niliyaona, lakini siyo yaliyonikaa moyoni. Mimi ni karani wa masijala, na jicho la karani hutafuta karatasi kama vile jicho la mkulima litafutavyo mawingu.

Nilipelekwa huko kwa majuma sita, mwezi wa Juni, ili nijifunze kazi ya kutunza nyaraka. Jambo la kwanza kunishangaza lilikuwa jua. Kwetu, karibu na Ikweta, jua huchwa karibu saa ile ile mwaka mzima. Huko London mwezi wa Juni hukawia hata saa tatu ya usiku kupita. Siku ya kwanza nilingoja giza liingie ndipo nile chakula cha jioni. Giza lilipoingia nikakuta jiko limefungwa, nikalala na njaa.

Kila asubuhi nilisafiri kwa treni ipitayo chini ya ardhi. Njia ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mjini humo mwaka 1863, na siku zile mabehewa yalivutwa na injini za moshi mle mle shimoni. Leo huendeshwa kwa umeme. Watu hushuka kwa ngazi ziendazo zenyewe. Asiye na haraka husimama upande wa kulia, na mwenye haraka hupita kushoto. Mimi nisiyejua nikasimama kushoto, kama mbuzi katikati ya barabara, na kundi la watu likakusanyika nyuma yangu. Hapana aliyenitukana; mmoja alikohoa tu. Nikajifunza kwamba kikohozi cha Mwingereza ni hotuba nzima.

Nilikuwa nikishuka Kew, magharibi ya mji, karibu na mto Thames. Hapo pana jumba kubwa liitwalo The National Archives, ambamo Serikali ya Uingereza huhifadhi nyaraka zake. Mbele yake pana bwawa lenye bata na ndege wengine. Aingiaye kusoma huacha koti na mkoba wake katika sanduku lenye kufuli. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ila penseli tu, ili karatasi zisichafuliwe. Nilionyesha vitambulisho vyangu nikapewa kadi ya msomaji bila malipo, wala sikuulizwa ni mtoto wa nani au ninajuana na nani.

Humo hutunzwa kitabu kiitwacho Domesday, kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William. Watumishi wake walizunguka nchi wakiuliza: Shamba hili ni la nani? Hapo zamani lilikuwa la nani? Lina plau ngapi za kukokotwa na ng'ombe, na vinu vingapi? Majibu yakaandikwa juu ya ngozi za kondoo. Miaka zaidi ya 900 imepita, na hata leo habari za mashamba yale zaweza kusomwa.

Niliposikia hayo nilimkumbuka mzee mmoja. Zamani, katika ofisi fulani niliyofanyia kazi, alikuja mara tano kutafuta jalada la shamba lake, maana jirani alikuwa akisogeza mpaka. Kila mara nilimjibu, "Mzee, jalada lako halionekani." Mara ya tano akanitazama, akasema, "Mwanangu, karatasi haina miguu." Miezi minane baadaye tulihamisha kabati moja, na jalada likaonekana limeanguka nyuma yake. Nilipopeleka habari, aliyekuja ni mwanawe. Mzee alikuwa amekwisha kufa.

Lakini wasomaji wasidhani kwamba mji ule umetunza kila karatasi kwa moyo safi. Mwaka 1961, nchi nyingi zilipokuwa zinakaribia uhuru, Serikali ya Uingereza iliagiza kwamba karatasi ziwezazo kuiaibisha zisiachiwe serikali mpya. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zikasafirishwa Uingereza kwa siri. Majalada yapatayo 1,500 yaliyotoka Kenya yalikaa huko miaka mingi bila kutangazwa. Mwaka 2009 wazee wetu wachache walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London kwa ajili ya mateso waliyopata vizuizini wakati wa Mau Mau. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, Serikali ile ikakiri kuwa majalada hayo yamo katika ghala ya Hanslope Park, kaskazini ya London. Mwaka 2013 ilitamka masikitiko yake Bungeni, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228. Karatasi zilizofichwa ziligeuka kuwa mashahidi.

Tangu mwaka 2012 majalada hayo yamekuwa yakifunguliwa kwa wasomaji huko Kew. Niliagiza moja. Lilipoletwa mezani sikulifungua mara moja. Karatasi zake zilikuwa zimeunganishwa pembeni kwa kamba fupi yenye vyuma nchani, sawasawa na kamba tutumiazo sisi hata leo. Nikawaza kwamba aliyeifunga alikuwa karani kama mimi, na pengine alikwenda nyumbani jioni asifikiri neno. Karani mmoja alifunga, mwingine akachoma. Kazi yetu ni ndogo, lakini haki ya mtu yaweza kukaa humo miaka hamsini ikingoja.

Jumatatu ya kwanza niliporudi kazini nilichukua penseli na daftari, nikaanza kuandika kila jalada lilipo, rafu kwa rafu. Wenzangu walinicheka kwamba nimerudi na Uzungu. Nami nikawaambia kwamba sikufundishwa na Mzungu, bali na mzee aliyekuja mara tano.

Enyi makarani wenzangu, kabla ya kumwambia mtu kwamba jalada lake halipo, sogezeni kabati. Nanyi wakulima, mkipewa karatasi ya shamba, ihifadhini mahali pakavu, mwandike namba yake, na mkijibiwa kwamba haionekani, rudini tena. Karatasi haina miguu.