Timu ya Jirani

Hapa Lisekese tulizoea kugombania Simba na Yanga, timu za Dar es Salaam. Namungo ya Ruangwa, jirani zetu wa Mkoa wa Lindi, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, mjomba alicheka: "Hao watashuka kabla mikorosho haijachanua tena."

Wapi! Msimu wa kwanza tu wakamaliza wa nne. Tarehe 2 Agosti 2020 wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho kule Sumbawanga. Mimi na mjomba tulikaa mkekani, redio katikati. Simba ikashinda 2-1. Mjomba, Simba damu, hakushangilia. Alizima redio, akasema polepole, "Kumbe na huku kwetu inawezekana."

Kwa kuwa Simba walikuwa tayari mabingwa wa ligi, Namungo ndio wakaenda Kombe la Shirikisho la Afrika.

Siku ile nilikuwa nimeshafunga begi niende Dar, maana niliamini mwandishi hachipui kijijini. Nikalifungua, nikatoa daftari la riwaya yangu. Sura mbili tu. Usiku nikawasha kibatari, nikaanza ya tatu.