Kutoka Euston hadi Houston

London. Euston ndiko zilikoanzia treni za kampuni ya London and North Western, na daktari wake wa upasuaji alikuwa Herbert Page. Mwaka 1866 John Erichsen alikuwa ameandika kwamba mshtuko wa ajali ya treni huweza kuudhuru uti wa mgongo bila kuacha jeraha la kuonekana. Abiria waliodai fidia wakapata pa kushika. Page akamjibu Erichsen mwaka 1883: hofu peke yake yatosha kumtoa mtu nguvu za miguu. Alilipwa na kampuni, sawa, lakini hakusema kwamba wote ni waongo.

Houston, Marekani, kulikopimwa kuyumba, ni habari nyingine. Wanaanga walioshuka kutoka angani walipandishwa kwenye jukwaa linalopima uzito chini ya nyayo, wamefungwa mikanda wasianguke. Kipimo kina hatua sita, kila jaribio sekunde 20. Hatua ya 1 ni kusimama tu, macho wazi. Kwenye ya 6, jukwaa na ukuta wa mbele vyote hufuata kuyumba kwako. Nyayo na macho hudanganyika, likabaki sikio la ndani peke yake. Mwanaanga hupita ya 1 bila taabu, kisha ya 5 na ya 6 humlemea. Naye hamdai mtu senti.

Mdai wa fidia anayetia chumvi, akipanda jukwaa hilohilo, huenda kinyume. Hupepesuka kwenye hatua ya 1, ambayo hata wagonjwa wengi huimudu, kisha ya 6 akasimama vizuri kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa pale hana nafasi ya kuigiza. Huyumba kwa mpigo, mbele na nyuma, bila kuanguka. Na kuyumba hivyo kwataka miguu mizima!

Pasipo mashine, daktari humwandika namba mgongoni kwa kidole na kumwambia aitaje. Akili ikihamia kwenye namba, kuyumba hupungua. Kwetu Tanzania, ambako fidia ya ulemavu wa kudumu hufuata asilimia anayoandika daktari, ningeanza na kidole hicho.

Ila mchoro huohuo wa kuyumba hutoka kwa mtu aliyejaa hofu ya kuanguka, asiyedanganya hata kidogo. Tena yuko mwenye sikio lililoharibika kweli, anayeongeza mayumbo siku ya kupimwa akihofia daktari hatamwona mgonjwa. Huyo hufeli ya 1 kwa kutaka, na ya 6 kwa kutoweza.